MADINI, ARDHI YAKO NA SAUTI YAKO: MWANANCHI ANAPASWA KUSEMA WAPI, NA LINI?

Katika mikutano ya kata limekuwa likijirudia swali moja: "Mwekezaji amekuja na leseni mkononi, amepima mpaka kwenye minazi yetu. Leseni imekwisha kutolewa. Sisi tutasema nini tena?" Makala haya yanalijibu swali hilo. Jibu fupi ni kwamba leseni haifungi mjadala. Sheria imeacha milango kadhaa ya mwananchi kutoa maoni, ila kila mlango una wakati wake, na ukipita kuufungua tena huwa ni kazi nzito.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa Pangani

Wengi wetu tukisikia neno madini hufikiria dhahabu ya Geita au tanzanite ya Mirerani. Lakini kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, mchanga, mawe, kokoto na kifusi navyo ni madini, yaani madini ya ujenzi. Anayevichimba kwa biashara anahitaji leseni na anapaswa kulipa mrabaha. Barabara zinapojengwa na nyumba zinapoongezeka, mahitaji ya vitu hivyo hupanda.

Aidha, pwani ya mkoa wetu wa Tanga ina mchanga mzito wenye madini ya ilmenaiti, rutaili na zirikoni katika eneo la Tajiri. Desemba 2021 Serikali ilitia saini makubaliano na mwekezaji kuhusu madini ya aina hiyo, ikapata hisa zisizopungua asilimia 16. Sisi tunaoishi kwa uvuvi, minazi, mkonge na wageni wanaokwenda Kisiwa cha Maziwe na Hifadhi ya Saadani hatuwezi kuliona suala hili kuwa la watu wa mbali.

Mlango wa kwanza: sheria inapobadilishwa

Mwaka 2017 Sheria ya Madini ilifanyiwa marekebisho makubwa. Tume ya Madini ilianzishwa, Serikali ikapewa hisa katika migodi mikubwa, na ikaelezwa wazi kuwa madini ni mali ya wananchi, yakiwa chini ya dhamana ya Rais. Miswada ile ilipelekwa bungeni kwa hati ya dharura na kupitishwa mapema Julai, hivyo muda wa wadau kuisoma na kutoa maoni ulikuwa mfupi.

Kwa kawaida muswada hutangazwa katika Gazeti la Serikali, husomwa mara ya kwanza, kisha hupelekwa kwenye kamati ya Bunge ambayo hualika maoni ya wadau. Mwaliko huo si wa wataalamu na kampuni peke yao. Kijiji, kikundi cha wavuvi au mtu mmoja anaweza kuandika. Barua yenye uzito ni ile inayotaja kifungu, inayoeleza athari zake mahali husika na kupendekeza maneno mbadala. Kusema "hatutaki" bila sababu hakumsaidii mbunge anayetaka kukutetea.

Mlango wa pili: tathmini ya mazingira

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inautaka mradi mkubwa wa uchimbaji ufanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Wataalamu wa tathmini wanapaswa kuwashirikisha wananchi watakaoguswa na mradi.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Mkutano unaitwa, wanahudhuria wachache, karatasi ya mahudhurio inasainiwa, na jioni tunalalamika kuwa hatukuulizwa. Mtaalamu akifika, mwulize: Maji ya kuoshea mchanga yatatoka wapi? Mikoko itaguswa? Shimo litafukiwa na nani, na kwa fedha gani? Malori yatapita njia ipi? Hakikisheni maswali na majibu yanaingia kwenye muhtasari wa mkutano, nakala yake ibaki ofisi ya kijiji. Neno lisiloandikwa halimfungi mtu.

Mlango wa tatu: ardhi na fidia

Leseni ya madini inahusu kilichomo ardhini. Haifuti haki ya anayeimiliki ardhi kihalali. Sheria inamtaka mwenye leseni apate idhini ya maandishi ya mmiliki kabla ya kufanya kazi ndani ya mita 200 kutoka nyumba ya kuishi, au ndani ya mita 50 kutoka shamba lililolimwa au lililotayarishwa kwa kilimo. Maeneo ya makaburi nayo yamewekewa ulinzi. Sheria inaeleza pia la kufanya endapo idhini itanyimwa pasipo sababu za msingi. Kwa hiyo ukikataa, andika sababu zako.

Siku ya uthamini, uwepo mwenyewe shambani au umtume mtu unayemwamini. Minazi, mikorosho, kisima na kaburi vihesabiwe mbele yako. Usiweke saini kwenye fomu usiyoisoma au usiyosomewa.

Mlango wa nne: wajibu wa mwekezaji kwa jamii

Tangu marekebisho ya 2017, mwenye leseni ya madini anapaswa kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Zahanati, madarasa au maji havipaswi kutolewa kama hisani ya mtu. Vipaumbele vinatakiwa kutoka chini. Kijiji kisichopeleka vipaumbele vyake kwa diwani kitapangiwa na wengine.

Halmashauri inaweza nini?

Ni vyema ieleweke kuwa halmashauri haitoi leseni za madini. Hiyo ni kazi ya Tume ya Madini, ambayo mkoani huwakilishwa na Afisa Madini Mkazi. Halmashauri hupokea malalamiko, hushauri kuhusu ardhi na mazingira, na husimamia mpango wa uwajibikaji uliotajwa hapo juu.

Kwa hiyo, ukiona vigingi vimesimikwa mahali usipopajua mwenyewe, usiving'oe. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, uliza namba ya leseni na jina la mwenye leseni, kisha omba suala hilo liwe ajenda ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano huo ni haki ya kila mkazi mtu mzima. Huko ndiko sauti ya mmoja hugeuka kuwa azimio la kijiji, nalo huandikwa na kupelekwa mbele.