Taa Imewaka, Mbona Mko Kimya?

Hebu vuta picha. Ijumaa jioni, foleni ya Mwenge imeganda, kiyoyozi kinapuliza, redioni kuna muziki laini. Mume wangu kapiga simu anauliza nitapitia sokoni au la. Ghafla kwenye dashibodi inawaka taa ya rangi ya chungwa, ina mchoro wa injini.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi niliongeza sauti ya redio.

Usinicheke, nilikuwa na sababu. Gari lile la mtumba kutoka Japani lilikuwa na miezi mitatu tu mikononi mwetu. Nusu ya pesa ilikuwa mkopo wangu wa SACCOS ya kazini, nusu nyingine ni akiba ya mume wangu, ile aliyokuwa anaikusanya kwa ajili ya kiwanja. Siku tunanunua alitaka tuje kwanza na fundi. Mimi ndiye niliyesema, "Tukichelewa watu wataliwahi." Rangi nzuri, viti safi, kilomita chache. Sasa ningeanzia wapi kumwambia kwamba taa imewaka?

Nikanyamaza kwa wiki nne. Nilijifariji kwamba gari linatembea, kwa hiyo ni sensa tu inazingua.

Siku ya siku, kwenye kilima cha Kimara, taa ikaanza kupepesa. Gari likatetemeka, nguvu ikaisha, bajaji zikanipita. Kukawa na harufu kama ya mayai yaliyooza. Tukavutwa mpaka nyumbani. Mume wangu akasimama mlangoni, akauliza taratibu, "Mke wangu, hii taa imeanza kuwaka lini?"

"Leo," nikajibu.

Kompyuta haina aibu

Kesho yake fundi wa kwanza alilizunguka gari mara moja tu akatoa hukumu: "Dada'angu, haya ni masega. Tunakata, tunachomea bomba, gari itakimbia kama mpya."

Kwa wale ambao hawajawahi kuyasikia, masega ni kile kidubwasha kilichopo kwenye njia ya moshi, kati ya injini na bomba la nyuma. Ndani kina vitundu vingi vidogo kama sega la nyuki, vilivyopakwa madini ya thamani kama platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo ukiwa moto, gesi zenye sumu hubadilishwa: kaboni monoksaidi, mabaki ya petroli isiyoungua na oksaidi za naitrojeni hutoka zikiwa hewa ya kaboni, mvuke wa maji na naitrojeni ya kawaida.

Hoja ya kukata masega ilikuwa na mantiki enzi za petroli yenye risasi, maana risasi huyaua. Lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia Januari 2006. Hoja imekufa, msumeno bado unafanya kazi.

Mume wangu akakataa. Akamwita fundi wa pili, mtu mzima asiye na maneno mengi. Yeye alichomeka kwanza mashine ya kupimia chini ya usukani. Akasoma makosa mawili: injini inamisi, na masega hayafanyi kazi ipasavyo. Kisha akasoma mstari mmoja ambao sikujua kama upo. Magari mengi ya kisasa huhesabu umbali uliotembea tangu taa ilipowaka.

"Umetembea nayo kilomita 640," akasema.

Mume wangu hakunifokea. Aliniangalia tu, akaingia ndani. Heri angefoka.

Masega hayajiui

Nilipobaki peke yangu na fundi, aliuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza: "Oili mnaongeza kila baada ya muda gani?" Akachomoa kile kijiti cha kupimia. Kikavu.

Hapo ndipo nilipolielewa gari langu. Ringi za pistoni zilikuwa zimegandiana kwa uchafu wa oili ya zamani iliyokaa bila kubadilishwa kwa wakati. Ringi zikichoka, oili hupenya na kuungua pamoja na petroli. Oili ina madini kama fosforasi, na majivu yake huyafunika masega taratibu mpaka yanakosa nguvu. Wakati huohuo oili huchafua plagi, cheche inakuwa dhaifu, injini inamisi. Petroli isiyoungua hukimbilia kwenye njia ya moshi na kuungulia ndani ya masega. Joto linapanda mpaka masega yanayeyuka na kuziba. Injini ikishindwa kutoa pumzi, hata kilima cha Kimara kinakuwa Kilimanjaro.

"Masega hayajiui, dada," fundi alisema. "Kuna kitu kinayaua. Ukibadilisha masega ukamwacha muuaji, baada ya muda utarudi kwangu."

Na ukikata je? Taa itaendelea kuwaka, au utadanganya mfumo isiwake. Oili itaendelea kuisha, na sumu itatoka kama ilivyo. Bomba likichomewa vibaya, kaboni monoksaidi inaweza kupenya hadi ndani mlipokaa na watoto. Gesi hiyo haina rangi wala harufu.

Soma taa, soma moshi

Taa ya injini ikiwaka bila kupepesa, una nafasi ya kufika nyumbani na kulipima gari mapema. Ikipepesa, mara nyingi injini inamisi vibaya na masega yanaungua wakati huo huo: punguza mwendo, tafuta pa kuegesha, usilazimishe. Taa nyekundu yenye mchoro wa kopo la oili haina mjadala. Zima injini mara tu ukiweza kusimama salama.

Moshi nao una lugha. Wa bluu ni oili inaungua. Mweusi ni petroli imezidi. Mweupe mzito unaoendelea hata injini ikishapata moto unaashiria maji ya rejeta yanaingia ndani, pengine gasketi imekufa. Mvuke mwepesi wa asubuhi usikutie presha.

Kabla hamjatoa hela

1. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini lazima ionekane, kisha izime injini ikishawaka. Isipoonekana kabisa, huenda kuna mtu aliyeificha.

2. Likute gari likiwa la baridi. Gusa boneti. Kama ni ya moto kabla hujafika, jiulize nani kaliwasha na kwa nini. Moshi wa bluu hupenda kujionyesha injini inapoamka.

3. Lipime kwa kompyuta, na usiishie kuuliza makosa tu. Uliza kama mfumo umemaliza vipimo vyake vya ndani. Vingi vikiwa havijakamilika, huenda makosa yamefutwa hivi karibuni.

4. Chomoa kijiti cha oili, fungua na kifuniko. Tope zito jeusi ni historia ya uzembe. Uji mweupeupe ni dalili ya maji.

5. Chungulia uvunguni. Bomba lililochomewa mahali pa masega lina stori. Mwombe muuzaji akusimulie.

6. Usilewe na kilomita chache. Japani gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, kwa hiyo kuna magari mengi mazuri. Lakini namba ya kwenye dashibodi inaweza kurudishwa nyuma, na hata ikiwa ya kweli haikwambii oili ilibadilishwa lini.

7. Msinunue gari kwa shilingi ya mwisho. Bakisheni fungu la oili mpya, chujio, plagi na dharura. Baada ya hapo pimeni oili kila wiki. Foleni zetu zinaifanya injini ifanye kazi saa nzima wakati kilomita hazisogei.

Na ukiambiwa uweke oili nzito ili "ipunguze kula", jua unaficha ugonjwa, hujautibu.

Na nyumbani je?

Tulifungua injini. Ringi mpya, plagi mpya, masega mengine. Pesa iliyotoka ilikisogeza kiwanja chetu mbele kwa mwaka mzima. Fundi alinieleza kwamba kama ningekuja wiki ile ya kwanza, masega yangeweza kupona.

Jambo lililomuumiza mume wangu kuliko pesa lilikuwa lile neno "leo". Siku tatu tuliongea kwa salamu tu. Ya nne nikamwambia ukweli wote: niliogopa kusikia "nilikuambia." Naye akakiri kwamba alishaona doa la bluu kwenye moshi asubuhi mbili tatu, akanyamaza ili asionekane analaumu chaguo langu. Wote wawili tulikuwa tumeiona taa, kila mmoja akaongeza sauti ya redio yake.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, kama mnamiliki gari pamoja, wekeni sheria moja: anayeiona taa kwanza anaisema siku hiyohiyo, na anayeambiwa haruhusiwi kusema "nilikuambia". Sisi tumeiandika kwenye karatasi, imo ndani ya droo ya gari pamoja na risiti za oili.

Wiki iliyopita taa nyingine iliwaka nikiwa njiani. Nikampigia simu hapohapo.

"Taa gani tena, mke wangu?"

"Ya petroli."

Alicheka mpaka akakata simu. Nikaingia sheli.