Daktari wa simu huhitaji msaada wa aliye karibu na mgonjwa

Wakazi wengi wa mijini hupigia daktari simu kwa niaba ya wazazi wao walioko mashambani. Swali ni hili: je, daktari anaweza kumtibu mtu ambaye hajamwona? Anaweza, iwapo kando ya mgonjwa kuna mtu wa kumpima na kueleza anachokiona.

Huduma hii si ngeni nchini. Shirika la AMREF, lililoanzishwa na madaktari watatu wa upasuaji mwaka wa 1957, lilitumia redio za mawasiliano kuunganisha vituo vya afya vya mbali na madaktari wa Nairobi. Muuguzi alimpima mgonjwa, naye daktari akatoa ushauri. Leo tuna simu ya mkono, na tuna Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka wa 2023, lakini kanuni ni ile ile.

Kumwambia daktari kwamba "mama anaumwa na kichwa" hakutoshi. Huenda ni uchovu, malaria au shinikizo la damu. Malaria huthibitishwa kwa kupima damu, na presha kwa mashine. Daktari asiye na vipimo hivi anabahatisha tu.

Kwa hivyo, kabla ya kupiga simu, omba mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji hicho afike nyumbani. Serikali ilianza kuwapa wahudumu hawa vifaa vya kupimia presha na sukari mnamo Septemba 2023. Andika vipimo hivyo, siku ugonjwa ulipoanza, na dawa zote anazotumia mgonjwa, zikiwemo za kienyeji. Kisha mwache mgonjwa azungumze na daktari mwenyewe. Kuna mambo ambayo mama hawezi kumwambia mwanawe.

Hata hivyo, zipo dalili zisizongoja simu ya daktari. Mpeleke mgonjwa hospitalini mara moja ikiwa:

- mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayatamkiki;
- ana maumivu makali ya kifua au anapumua kwa shida;
- presha imefika 180 kwa 120, naye anaumwa sana na kichwa au haoni vizuri;
- ni mja mzito na anavuja damu, ana kifafa au anaumwa sana na kichwa;
- ni mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, au aliyepatwa na degedege.

Simu hufaa zaidi kwa mgonjwa wa presha au kisukari ambaye tayari anatibiwa kliniki. Daktari husoma vipimo vya wiki, akarekebisha dawa, na mzee akaepuka nauli na foleni.

Msomaji, leo jioni pigia wazazi simu. Uliza jina la mhudumu wao wa afya, na ni nani mwenye gari au pikipiki ya kuwafikisha hospitalini usiku. Andika nambari zao zote mbili.