Kunyunyizia Nyasi bila Kulowesha Njia

Kuanzia Juni hadi Oktoba, mvua zinapokuwa zimekatika huku Mbulu na Hanang, parokia, nyumba za masista na shule zenye bustani hutegemea vinyunyizio. Ukipita utaona nyasi zimelowa, na njia ya saruji iendayo kanisani imelowa vilevile. Saruji haioti kitu.

Hasara hiyo hupimika. Maji ya kina cha milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Njia yenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 1.5 ikipokea milimita 5 tu, zimepotea lita 150, yaani madumu saba na nusu ya lita 20. Mama anayepanga foleni kwenye kituo cha maji kijijini anajua vema thamani ya madumu hayo. Papa Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji salama ni haki ya msingi ya kila binadamu.

Tuanze na presha, kwa kuwa wengi huisahau. Maji yakitoka kama ukungu, presha imezidi, na matone hayo mepesi huchukuliwa na upepo. Punguza koki mpaka matone yaonekane kwa macho. Tena, nyunyizia alfajiri. Anayefahamu upepo wa mchana wa Basotu au Katesh hahitaji kuelezwa sababu.

Kisha mwelekeo. Kinyunyizio cha kuzunguka chenye kijinyundo kina pete mbili shingoni, nazo huamua kigeukie wapi. Zisogeze kifanye nusu duara kando ya njia, au robo duara kwenye kona. Kijiti cha kugeuzia nacho kiteremshwe, la sivyo kitaendelea kuzunguka duara zima. Skrubu iliyo mbele ya tundu huuchana mchirizi na kuufupisha, lakini ukiikaza mno, nyasi za karibu zitazama na za mbali zitakauka. Kwa maoni yetu, kinyunyizio kilichowekwa katikati ya uwanja mdogo kihamishiwe ukingoni, kikitazama ndani, kwa maana duara haliwezi kuufuata ukingo ulionyooka. Hakikisha pia mguu wake umesimama wima.

Ili kupima kazi yenu, pangeni makopo matupu ya ukubwa mmoja, mengine kwenye nyasi na mengine kwenye saruji, mfungulie maji kwa dakika 15. Makopo ya saruji yakiwa na maji, rudieni kwenye pete. Yakiwa makavu na bado njia inalowa, maji yanatiririka kutoka kwenye nyasi zenyewe. Hilo ni la kawaida penye mteremko na udongo wa mfinyanzi: fungeni koki, ngojeni nusu saa udongo unywe, kisha fungulieni tena.