Taa ya gia ikianza kuwaka na kuzima: isome kwanza, ndipo utoe mtaji

Wadau, leo hatuongelei namna ya kupiga picha bidhaa wala kupandisha status. Leo tunaongelea gari.

Sababu ni moja. Wengi wetu tunaouza mtandaoni huku Mkwajuni, duka letu lipo kwenye simu, lakini mzigo haupiti kwenye simu. Mzigo unatoka Tunduma, na kuna chombo kinauleta. Chombo kikigoma, biashara nayo imegoma.

Ilikuwa Ijumaa. Nimetoka Tunduma na vitenge, viatu vya watoto na sufuria. Oda za watu kumi na saba, na sita kati yao walishanilipa kwa simu. Gari yangu ni Carina ya mwaka 1998, otomatiki. Vwawa nimepita, Mlowo nimepita, sina shida yoyote. Nimefika Mbalizi, nimekata kushika njia ya Galula, na mbele kidogo kwenye vumbi ile taa ya njano ya O/D OFF ikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Mshale wa spidi ukawa unaanguka mpaka sifuri halafu unarudi. Gari ikawa nzito kuondoka, na gia zinabadilika kwa kishindo.

Nilifika nyumbani usiku, roho mkononi. Asubuhi fundi akaja, akazunguka nayo mara moja tu, akashuka akasema: "Kaka, gia boksi hii imekwisha. Tafuta nyingine." Bei ya gia boksi ya mtumba aliyonitajia ilikuwa laki tisa na nusu, hapo bado ufundi na oili. Mtaji wangu wote wa mzunguko ulikuwa milioni moja na laki mbili, na ndani yake zimo pesa za wale wateja sita.

Nusura nilipe. Kilichoniokoa ni mzee mmoja fundi umeme wa magari, ambaye nilimpitia ili aniangalizie betri tu. Nikamweleza. Akaniuliza, "Taa imekwambiaje?" Nikamjibu imewaka. Akacheka. "Mwanangu, najua imewaka. Nakuuliza imekwambia namba gani?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba taa ya gia inataka kusomwa. Nilichojifunza ndicho hiki.

1. Kwanza jua taa yako inasema lugha gani

O/D OFF ikiwaka moja kwa moja bila kukatika, mara nyingi si ubovu kabisa. Kuna kitufe pembeni ya mkono wa gia, na mtu amekigusa. Umezuia gia ya juu, basi. Bonyeza tena, inazima. Kuna watu wamepeleka gari gereji kwa kitufe tu.

Na kitufe hicho kina kazi yake. Ukipanda mlima na mzigo, au ukishuka mteremko kama ule wa Senjele, kuzima O/D kunafanya gari isihangaike kupanda na kushuka gia, na injini inakusaidia kushika mwendo badala ya kuchemsha breki.

O/D OFF ikiwaka na kuzima yenyewe unapoendesha Toyota ya zamani, hiyo sasa ni taarifa. Kompyuta ya gari imeona hitilafu kwenye umeme wa gia na imeiandika kwa namba.

Magari mengine yana lugha yao. Honda za zamani hupepesa herufi D au D4. Subaru za zamani zina taa ya AT OIL TEMP: ikipepesa baada ya kuwasha gari, kuna hitilafu imehifadhiwa, ikiwaka wakati unaendesha, oili ya gia imechemka. Prado na Surf nyingi nazo zina taa ya joto la oili ya gia. Hiyo ikiwaka njiani, simama pembeni sehemu salama, weka P, na uache injini ikiunguruma mpaka taa izime. Usikimbilie kuzima injini, kwa sababu pampu inayozungusha oili ili ipoe inaendeshwa na injini hiyo hiyo.

2. Anza na vitu vya bure

Kabla ya kumwita mtu, fanya haya mwenyewe.

Betri: angalia vichwa vyake. Kama vina unga mweupe au wa kijani, au vinacheza, safisha na kaza. Umeme ukiwa mdogo, kompyuta inaandika makosa ambayo hayapo. Ukiwa na mita, betri nzima isome karibu volti 12.5 gari ikiwa imezimwa, na kama 13.5 hadi 14.5 injini ikiwa inawaka.

Oili ya gia: kwenye Toyota yenye fimbo ya kupimia, endesha mpaka gari ipate moto, simama sehemu tambarare, pitisha gia zote taratibu huku umekanyaga breki, rudisha P, acha injini inawaka, ndipo uchomoe fimbo. Oili iwe kwenye alama ya HOT. Honda wao hupimwa injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo usikariri.

Kisha paka oili kwenye kitambaa cheupe. Nyekundu na safi ni nzuri. Kahawia yenye harufu ya kuungua, gia zimeteseka. Ya pinki kama maziwa, maji yameingia, mara nyingi kupitia rejeta, kwa sababu oili ya gia hupozwa humo; gari hiyo usiiendeshe tena. Ukiona chembe za chuma zinang'aa, hapo sasa ubovu wa ndani unaanza kuaminika.

Oili yangu ilikuwa nyekundu na haina harufu. Yule fundi wa kwanza hakuchomoa hata fimbo.

3. Sasa soma namba

Toyota nyingi za miaka ya 1990 hazihitaji mashine. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSTIC. Ukifungua, ndani ya mfuniko kuna ramani ya matundu. Ufunguo ukiwa OFF, fundi anaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya. Anahakikisha kitufe cha O/D hakijazimwa, anafungua switchi mpaka ON bila kuwasha injini, halafu anaangalia taa ya O/D OFF inavyopepesa.

Ikipepesa haraka haraka bila kupumzika, kama mara mbili kwa sekunde, hakuna kosa lililoandikwa. Ikipepesa mara nne, ikapumzika, ikapepesa mara mbili, hiyo ni 42. Namba zikiwa nyingi, inaanza na ndogo.

Kwenye Toyota nyingi za wakati huo, 42 na 61 ni sensa za mwendo. 62, 63 na 64 ni solenoidi, yaani vile vivalvu vya umeme vinavyofungua na kufunga njia za oili ndani ya gia boksi. Sasa fikiria: sensa ya mwendo huwa inafungwa kwa nje. Solenoidi hubadilishwa bila kununua gia boksi nzima. Na mara nyingine hata sensa na solenoidi ni nzima, kilichokatika ni waya.

Tahadhari: humo kwenye kisanduku kuna tundu la umeme wa moja kwa moja wa betri. Ukikosea tundu unaweza kuunguza kompyuta. Kama hujui, msimamie fundi umeme afanye, wewe hesabu mipepeso na andika namba.

Kwa gari za baadaye, soketi ipo chini ya usukani, ina matundu 16. Kale kamashine ka bluetooth kanakoitwa ELM327, pamoja na programu ya simu kama Torque, kanaweza kusoma. Ila usishangae kakigoma: gari nyingi za Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina soketi hiyo lakini haziongei lugha ambayo mashine ndogo inaielewa. Hapo tafuta fundi mwenye mashine inayosoma Toyota au Nissan zenyewe, Mbalizi au Tunduma.

Ukipata namba zinazoanza na P, kumbuka hizi chache. P0700 ni kengele tu, inasema gia ina kosa, tafuta namba nyingine. P0500, P0715 na P0720 ni sensa za mwendo. P0705 ni swichi inayojua uko P, R, N au D. P0750 na P0755 ni solenoidi. P0730 inasema gia haziendani na mzunguko wake. Hiyo ni nzito zaidi, inaweza kuwa oili imepungua au kweli ndani kumelika.

4. Namba haisemi "badilisha"

Hapa ndipo pesa za wengi zinapopotea. Namba ya sensa haimaanishi sensa imekufa. Inamaanisha taarifa ya sensa haifiki. Kwa hiyo kwanza fuata waya, angalia soketi, safisha kutu, vuta taratibu uone kama kuna uliokatika ndani ya plastiki. Njia zetu zina mawe na mtikisiko, na chini ya gari ndiko nyaya hizo zilipo.

Gari yangu ilitoa 42. Mzee akapanda jeki, akaweka mawe kuzuia magurudumu, akaingia chini. Waya mmoja wa sensa ya mwendo ulikuwa umekatika pembeni kabisa ya soketi. Ndiyo maana mshale wa spidi ulikuwa unaanguka: sensa ile ile ndiyo inayouendesha. Akaunga, akafunga vizuri, akachomoa fyuzi ya EFI kwa muda ili kufuta kumbukumbu, akarudisha. Tukaenda kilomita kadhaa na kurudi. Taa kimya. Gia laini.

Nililipa shilingi elfu ishirini na tano.

5. Wakati gani usiendelee na safari

Sisemi kila taa ni waya. Kama injini inapiga kelele lakini gari haiendi, kama rivasi haishiki, kama oili inamwagika au inanuka kuungua, paki. Ukilazimisha, tatizo la laki mbili linakuwa la milioni. Kumbuka pia otomatiki haiwashwi kwa kusukumwa. Na usikubali ivutwe kwa kamba umbali mrefu huku magurudumu yanayovutwa na gia yakizunguka chini: injini ikiwa imezimwa, oili haizunguki na gia inajila yenyewe.

Na oili: usiweke "oili yoyote ya gia". Fimbo nyingi za Toyota zimeandikwa aina inayotakiwa, kama T-IV. Ukiweka ATF ya kawaida kwenye gari ya CVT, umenunua gia boksi nyingine.

6. Kama kweli inabidi kununua gia boksi mtandaoni

Wewe ni muuzaji, sasa nunua kama muuzaji. Kwenye sahani ya utambulisho wa gari yako ya Toyota kuna mstari wa TRANS/AXLE wenye kodi ya gia boksi. Mpigie picha muuzaji. Yeye akupigie picha ya gia boksi yenyewe na kodi yake. Muulize muda wa kujaribu, na akuandikie kwa meseji, siyo kwa mdomo. "Inaingia tu hii, kaka" siyo dhamana.

Na wale mnaouza magari kwenye makundi ya WhatsApp: kuchomoa balbu ya taa ili gari ionekane nzima ni wizi. Mnunuzi, ukifungua switchi ON, taa nyingi za tahadhari zinatakiwa ziwake, halafu zizime injini ikishawaka. Isiyowaka kabisa, uliza.

7. Wateja je?

Asubuhi ile, kabla sijajua chochote, niliwatumia wale sita ujumbe huu: "Habari dada, mzigo wako umefika Mkwajuni salama. Gari imepata hitilafu, leo sitaweza kukuletea. Nitakuletea Jumapili kabla ya saa kumi jioni, au njoo uchukue leo nikupunguzie nauli. Ukitaka pesa yako, nakurudishia sasa hivi." Wanne walikuja wenyewe, wawili wakasubiri. Hakuna aliyedai pesa.

Ila najiuliza: ningekuwa nimenunua ile gia boksi asubuhi hiyo hiyo, na mmoja akasema nirudishie, ningetoa wapi? Pesa ya mteja ambaye hajapokea mzigo bado ni yake, hata kama iko kwenye simu yako. Gari iwe na akiba yake. Mimi sasa kila safari ya Tunduma natenga elfu kumi, namba tofauti, sigusi.

Fundi akikwambia "imekwisha", usibishane naye. Muulize kwa upole tu: "Imetoa namba gani?" Kama hana namba, bado hajapima.

Mtumie na mwenzako mwenye gari ya otomatiki. Na wewe taa yako imewahi kutoa namba gani, ikawa nini? Tuandikie hapo chini, tujifunze wote.