Uhuru wa Mpangaji

Amri iliyofuta utumwa Unguja na Pemba ilitolewa tarehe 6 Aprili 1897 na Sultani Hamoud bin Mohammed. Miezi saba kabla, manowari za Kiingereza zilibomoa kasri la ufukweni kwa muda usiofika saa moja, na hapo ndipo yeye akakalishwa kitini. Hiari yake katika jambo hili isitiwe mizani.

Amri yenyewe haikumwacha huru mtu hata mmoja. Ilizikataza tu mahakama kutambua dai la mtu kummiliki mtu. Aliyetaka uhuru aende mwenyewe mahakamani kuuomba, na akiupata, bwana wake aliyemmiliki kihalali alipwe fidia. Wakoloni hawakubuni jipya: Uingereza ilitenga pauni milioni 20 kwa wamiliki mwaka 1833, na Washington mwaka 1862 ikawalipa hadi dola 300 kwa kichwa. Aliyefanya kazi bila ujira hakutajwa kwenye hesabu. Masuria waliachwa nje ya amri hadi 1909.

Kisha yakaja masharti. Mwachwa huru aonyeshe makazi maalumu na njia ya riziki, la sivyo atahesabiwa mzururaji. Mississippi ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu 1865: kila Januari mtu mweusi awe na maandishi ya kuthibitisha makazi au kazi yake. Huku kwetu, aliyekaa kwenye ardhi ya mwingine alipaswa kulipa kodi, hata kwa mazao au kwa kazi. Na ardhi ya mikarafuu ilikuwa ya nani? Ya bwana yule yule.

Shambani mapatano yalisimama juu ya jembe. Mpangaji alilima muhogo chini ya mikarafuu, na kila alipopalilia wake, alipalilia na shina la mwenye shamba. Mkarafuu au mnazi hakuruhusiwa kupanda. Kwa desturi ya visiwani mti ni wa aliyeupanda, hata kama udongo si wake, na mwenye mti hatoki kwa kuambiwa toka. Muhogo hung'olewa, na dai likaisha nao.

Mjini wanawake walivua kaniki, nguo ya kitumwa, wakajifunga kanga. Lugha haikubadili mavazi upesi hivyo: huru alikuwa aliyeachwa, mwungwana aliyezaliwa hivyo, na mahakama haikutoa hati ya uungwana. Wengi walijenga Ng'ambo, ng'ambo ya mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe. Nyumba zao, viwanja vya wengine. Mwaka 1928 wakagoma kulipa kodi ya kiwanja.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ikawa ya serikali, na familia zikagawiwa eka tatu tatu. Mpewa alipata haki ya kulima na kuvuna, na sasa hata karafuu. Kuuza hakuruhusiwa, kwani mwenye ardhi alikuwa mwingine.