Mpigo wa Gofu: Njia Nyingi, Shabaha Moja

Askari aliyelelewa katika kiwanja cha paredi huamini kwamba kila tendo lina namna moja tu iliyo sahihi. Mguu huinuliwa kwa kipimo kimoja, bunduki hushikwa kwa namna moja, na akoseaye huonekana papo hapo. Imani hiyo ni njema katika paredi. Lakini akiipeleka kwenye kiwanja cha gofu, yamkini itamvunja moyo kabla hajaujua mchezo, au itamwumiza kiuno. Kwa hiyo tumeona vema kulinganisha mipigo ya mabingwa wachache, ili ndugu zetu wa jeshi na polisi wapime wenyewe.

Katika wilaya ya Kasese gofu si jambo geni. Baada ya reli kufika mwaka 1956 na shaba ya Kilembe kuchimbwa kwa wingi, mchezo huu ulichezwa chini ya milima ya Ruwenzori, ingawa wengi waliuhesabu kuwa ni wa wakubwa tu. Hata hivyo, siri ya mpigo wake haiko mbali na mkulima wa Bwera. Mtazame alimapo mteremkoni: hategemei mikono pekee, bali miguu hushika ardhi, uzito wa mwili huhama, ndipo jembe hushuka. Alimaye katika tambarare husimama vingine, na wote wawili huvuna.

Tuanze na Wamarekani wawili, Ben Hogan na Jack Nicklaus. Hogan aliizungusha fimbo kwa ulalo, karibu na mabega. Katika kitabu chake cha mwaka 1957 aliwataka wanafunzi wafikirie kioo kilichoegemezwa mabegani, na fimbo isikivunje. Nicklaus aliinua mikono juu sana, kiwiko cha kulia kikaachana na ubavu, na kisigino cha kushoto kikanyanyuka. Walimu wengi wangalimkemea kwa kiwiko hicho. Naye alishinda mashindano makuu 18, idadi ambayo hakuna mwingine aliyeifikia.

Wako pia waliotoka katika safu za majeshi. Lee Trevino alitumikia kikosi cha wanamaji wa Marekani. Alisimama ameelekea kushoto mwa shabaha, kisha akaupiga mpira urudi kulia mahali alipotaka. Kwa mtindo huo alishinda Mashindano ya Wazi ya Marekani mwaka 1968 na 1971. Kati ya ushindi huo, mwaka 1969, kombe lilichukuliwa na Orville Moody, aliyekuwa sajini na aliyetumikia jeshi miaka 14. Alipousukuma mpira shimoni, aliweka mkono wa kushoto chini ya ule wa kulia, kinyume cha desturi.

Ushikaji huo wa kinyume ndio alioutumia katika mipigo yote Sewsunker Sewgolum, aliyeitwa Papwa, mbeba fimbo wa asili ya Kihindi kutoka Durban. Alishinda Mashindano ya Wazi ya Uholanzi mwaka 1959, 1960 na 1964. Aliposhinda yale ya Natal mwaka 1963, alikabidhiwa kombe nje, mvuani, kwa kuwa ubaguzi wa rangi ulimfungia mlango wa klabu. Mikono iliyodharauliwa ndiyo iliyolishika kombe.

Je, watu hawa wanafanana wapi? Fimbo hugusana na mpira kwa muda upatao nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mpira hautambui kiwiko kilikuwa wapi; hutii tu uso wa fimbo ulikoelekea, njia iliyopita, kasi yake na mahali ilipougusa. Hali kadhalika, risasi hutii mtutu wakati inapotoka, wala haiulizi mpigaji alisimama au alilala. Mabingwa wote hao, kila mmoja kwa njia yake, walifika katika nukta ile ile: uzito umehamia mguu wa kushoto, na uso wa fimbo unatazama panapostahili.

Hapa pana onyo. Mtindo wa kisasa hukizuia kiuno huku mabega yakizungushwa sana, mwili ukikazwa kama kamba inayosokotwa. Mpira huenda mbali, lakini sehemu ya chini ya mgongo hubeba mzigo mzito. Mtindo wa zamani, ambao kiuno hugeuka na kisigino hunyanyuka, humfaa zaidi askari mwenye umri aliyebeba mizigo miaka mingi.

Anayeanza na ajifunze kwanza mambo matatu: kushika fimbo bila kuikaba, kusimama imara, na kumaliza mpigo bila kuyumba. Katika miteremko kama ile ya Bwera akumbuke kwamba, kwa atumiaye mkono wa kulia, mpira ulio juu kuliko miguu huelekea kushoto, na ulio chini huelekea kulia. Mengine mwili wake utamfundisha.

Nidhamu katika gofu haimaanishi kufanana na jirani. Maana yake ni kuurudia mpigo wako mwenyewe, mara mia, bila kuubadili kwa sababu ya kucheka kwa watazamaji.