Umbali Sio Mwendo

Wahenga walinena kuwa milima haikutani, bali binadamu hukutana. Hawakutueleza, hata hivyo, jinsi mtu wa Nyeri na mtu wa Meru watakavyokutana ilhali Mlima Kenya umesimama baina yao.

Nimelikumbuka neno hilo baada ya mwanafunzi wangu mmoja kuniletea jibu alilolitoa kwenye kompyuta. Nyeri hadi Meru, alisema, ni kilomita 94, na safari ya ndege ni dakika 7. Hesabu yenyewe haina kasoro. Mstari mnyoofu baina ya miji hiyo una takriban urefu huo, na ukiugawanya kwa kasi ya kilomita 800 kwa saa, utapata dakika 7. Kosa ni kuliita jibu hilo safari.

Mstari huo hupita kilomita chache tu kutoka kilele cha Batian, chenye kimo cha mita 5,199. Hakuna barabara ipitayo huko. Abiria wa matatu hana budi kuuzunguka mlima kupitia Naro Moru, Nanyuki na Timau, mwendo wa zaidi ya kilomita 130. Akifuata upande wa Karatina, Embu na Chuka, atakwenda mbali zaidi. Hata ndege hazifiki kwa dakika hizo. Kiwanja cha Nyaribo, karibu na Nyeri, ni cha ndege ndogo, nazo haziikaribii kasi hiyo. Isitoshe, kila ndege huhitaji muda wa kupaa na wa kutua.

Lugha yetu ilikwisha kutuonya. Neno "umbali" limetokana na "mbali"; hueleza hali ya mahali pawili, hata kama hapana mtu anayesafiri. "Mwendo" limetokana na "kwenda". Halina maana pasipo mwendaji, njia yake na uchovu wake. Mzee asemapo kwamba mahali fulani ni mwendo wa siku nzima, tusimcheke kwa kukosa kilomita. Amekwisha kuhesabu mlima, mto na matope, mambo ambayo rula haiyaoni.

Je, haya ni mabishano ya wanaisimu tu? La, hasha. Mwanafunzi wa leo ndiye afisa wa kesho. Atakapoketi ofisini na ramani mbele yake, ataona Naro Moru upande wa magharibi na Chogoria upande wa mashariki, zimetengana kwa kilomita zisizofika 70. Huenda akaamua kwamba hospitali moja yatosha wote. Mama mwenye uchungu wa kuzaa ndiye atakayelipa gharama ya hesabu hiyo, akizungushwa mlima mzima usiku wa mvua.

Nawasihi walimu wenzangu, wa jiografia, wa hisabati na wa Kiswahili, wasiridhike na tarakimu tupu. Mwanafunzi akitaja umbali, aulizwe: kwa njia gani? Kwa chombo gani? Katika msimu gani? Maswali hayo matatu hayahitaji kitabu kipya wala fedha za serikali.

Milima haikutani, ni kweli. Binadamu nao watakutana, mradi wakumbuke kuuzunguka mlima.